Hema, Sola na Simu: Teknolojia Inavyobadili Safari za Kambi Kuanzia Kagio hadi Mlima Kenya

Kila Agosti na kila Desemba, shule zikifungwa, soko la Kagio hupata wageni wasiouza wala kununua kwa magunia. Hufika na magari yaliyofungwa hema juu ya paa, wengine na basi dogo lililong'olewa viti na kuwekwa kitanda. Huchukua nyanya, vitunguu, ndizi na mchele wa Mwea, kisha huelekea mlimani. Mimi ni mtu wa Kilifi, na biashara ya kununua mboga za kupeleka Kongowea imenifanya niijue Kagio karibu kama ninavyoijua Mtwapa. Kila nirudipo Pwani naulizwa maswali yaleyale. Je, familia inaweza kulala nje kule bila kuganda? Sola inatosha? Simu inashika mtandao? Makala haya ni ya kuwajibu waliouliza na wale wanaopanga kuuliza.

Kwa asiyejua, Kagio ni mji wa soko katika Kaunti ya Kirinyaga, mwendo mfupi kutoka Sagana ukielekea Kutus. Kutoka Nairobi unapita Thika na Kenol, kisha unashika barabara inayokwenda Sagana. Barabara hiyo imepanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, kilomita 84 kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua karibu na mji wa Nyeri. Ukifika Sagana unachagua: unyooke kwenda Karatina, Nyeri na Naro Moru, au ukunje kulia uingie Kagio, Kutus na Embu, njia ya kwenda Chogoria. Kwa hiyo Kagio iko kando ya barabara kuu, na jambo hilo lina maana katika hoja nitakayoitoa mwishoni.

Kabla ya betri palikuwa na mabega

Sisi wa Pwani tuna historia na safari hizi kuliko tunavyodhani. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekuwa na makao Rabai, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwezi Desemba 1849, na huko Ulaya wengi hawakuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 1887 Mhungaria Samuel Teleki alipanda miteremko ya mlima bila kufika kileleni, akiwa na msafara wa wapagazi wa Pwani, na kiongozi mmojawapo alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, lakini kabla ya hapo njaa ilikaribia kuuvunja msafara wake. Hema, maji, chakula na habari, vyote vilibebwa na binadamu.

Miaka 44 baadaye, Januari 1943, Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki, Felice Benuzzi akiwa mmoja wao, ili tu waupande mlima. Hawakuwa na ramani. Walitegemea walichokiona kwa macho kupitia waya wa kambi, na picha ya mlima iliyokuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Vifaa vya kupandia walivitengeneza wenyewe kwa siri. Wawili kati yao walifika Point Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kujisalimisha kambini.

Nayataja haya kwa sababu kila kifaa kinachouzwa leo kwa wapiga kambi kinachukua nafasi ya kitu ambacho zamani kilikuwa mgongo wa mtu, jicho la mtu au maarifa ya mtu. Ukinunua kifaa, jiulize kimechukua nafasi ya nani, na kikizimika nani atafanya kazi hiyo.

Gari lililogeuka nyumba

Kule Marekani na Ulaya kuna magari makubwa yenye jiko, choo na kitanda ndani, na viwanja maalumu vya kuyaegesha vyenye umeme na bomba la maji. Kwetu viwanja vya namna hiyo ni vichache, na barabara za kuingia kambini ni nyembamba na zenye mawe. Ndiyo maana Kenya imechukua njia yake. Gari linabaki kuwa la kawaida, mara nyingi Land Cruiser au gari jingine la magurudumu manne yenye nguvu, na hema linapanda juu ya paa. Hema hilo hukunjuliwa kwa dakika chache na huwa na godoro ndani. Wapo wanaolikodi gari likiwa na kila kitu, kuanzia vijiko hadi friji.

Hema la paa lina faida mbili za kweli huku: unalala mbali na umande na matope, na hutafuti mahali pa ardhi laini. Lina hasara zake pia. Ukitaka kwenda dukani lazima ukunje nyumba. Uzito juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na mtu wa Pwani aliyezoea barabara tambarare ya Malindi atalihisi hilo mara tu atakapoanza kupanda kuelekea Kerugoya. Ukikodi, uliza kiasi cha uzito ambao paa la gari hilo linaruhusu likiwa mwendoni, na umuombe mwenye gari akuonyeshe namna ya kulifunga hema kabla hujalipa.

Hesabu ya jua

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipo. Zamani mpiga kambi alitumia taa ya mafuta na betri za tochi. Leo anabeba betri ya lithiamu, paneli za sola na friji ndogo ya gari. Wauzaji husema vitu hivyo vinatosha. Mimi nasema fanya hesabu.

Betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa hubeba takriban wati 1,200 kwa saa. Friji ndogo hula wati 45 hadi 60 mota inapozunguka, lakini haizunguki muda wote, kwa hiyo kwa siku nzima hutumia kama wati 400 kwa saa. Ongeza taa na simu za familia, weka 100. Jumla 500. Betri hiyo itakaa siku mbili na ushee bila jua. Ikiwa ni betri ya zamani ya asidi, chukua nusu, kwa sababu ukiimaliza kabisa mara kwa mara inakufa mapema.

Sasa paneli. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali ingetoa 500, lakini baada ya joto, vumbi na waya, tegemea 350 hadi 400. Hivyo paneli moja haitoshi friji na simu. Unahitaji mbili, au uwe unaendesha gari kila siku ili jenereta ya injini ijaze betri.

Hesabu hiyo ni ya siku ya jua. Kirinyaga kuna msimu ambao wenyeji huuita gathano, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo wingu na ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na kahawa siku nzima. Huo ndio wakati wa likizo ya Agosti. Jua la Diani halipo, na paneli inaweza kukupa robo tu ya ulichotarajia. Ukisafiri miezi hiyo, punguza matumizi ya friji. Mboga za Kagio hazihitaji barafu: kabeji, karoti, viazi na vitunguu hukaa siku nne kivulini, na baridi ya usiku hufanya kazi ya friji bure.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji: betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukilala juu ya mita 4,000, alfajiri huwa na barafu. Simu nayo huisha chaji haraka ikipoa. Lala nayo ndani ya begi la kulalia.

Ramani haioni udongo

Simu hupokea ishara za setilaiti za GPS bila bando na bila mtandao wa simu. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe. Kwa hiyo pakua ramani ya Kirinyaga, Nyeri, Embu na Tharaka Nithi ukiwa bado na mtandao mzuri, iwe ya Google au ile ya OpenStreetMap, ambayo tangu 2004 hujengwa na watu wa kujitolea duniani kote. Madereva wa safari ndefu hutumia pia iOverlander, ambamo wasafiri wenyewe huandika mahali pa kulala, pa kuteka maji na pa kurekebisha gari.

Ramani hizi zimefungua nchi. Mgeni wa Mombasa anaweza kufika Castle Forest kwenye mteremko wa kusini wa mlima, au kambi za mto pale Sagana, bila kuuliza njia. Lakini kuna kitu ambacho ramani haikioni. Chini ya Kagio kuna mashamba ya mpunga ya Mwea, na udongo wa huko ni mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukipata mvua unashika tairi kama gundi. Simu ikitafuta njia fupi ya kwenda Hifadhi ya Mwea inaweza kukuingiza kwenye vijia vya kando ya mifereji, ambavyo vilitengenezwa kwa ajili ya mikokoteni na matrekta. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja gari la fahari likivutwa na trekta la mkulima, na mkulima alikuwa na haki ya kudai malipo yake.

Dawa ni rahisi. Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kabla ya kuacha lami, simama kwenye kituo cha bodaboda uulize: "Ndugu yangu, njia hii inapitika leo?" Yule kijana amepita hapo asubuhi. Setilaiti haijapita.

Habari za dharura

Mwezi Septemba 1970 daktari Gerd Judmaier wa Austria alivunjika mguu vibaya karibu na kilele cha Batian. Mwenzake, Oswald Oelz, ilibidi amwache na kushuka kwenda kutafuta msaada. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki moja, ukawahusisha wapandaji wa Kenya na waokoaji waliotoka Innsbruck, na rubani wa helikopta iliyotumwa kusaidia alikufa ilipoanguka. Judmaier alipona. Kibanda cha Austria, kilichoko kama mita 4,790 chini ya Point Lenana, kilijengwa baadaye kwa msaada wa Waaustria.

Leo kifaa kidogo cha setilaiti kinachoshikika kiganjani kinaweza kutuma ujumbe wenye mahali ulipo kutoka bonde lolote ambalo lina anga wazi. Simu ya kawaida hushika mtandao kwenye baadhi ya migongo ya mlima na kupotea mabondeni. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na wapo wanaoibeba kwenye gari ili wafanye kazi za ofisi wakiwa kambini. Inafaa, lakini kumbuka mambo mawili. Kwanza, hata kile kisahani kidogo hula wati 25 hadi 40, na ukikiwasha usiku na mchana kitakula umeme kuliko friji. Pili, kinataka anga wazi, na ndani ya msitu wa mianzi anga ni finyu.

Kilichobadilika ni kasi ya habari. Kasi ya miguu haijabadilika. Ujumbe utafika kwa dakika, lakini waokoaji wa Shirika la Wanyamapori, KWS, bado watapanda kwa miguu, na helikopta bado inasumbuliwa na ukungu na hewa nyepesi. Ndiyo maana hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake, na ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kwamba kifaa hicho kinaondoa haja ya mwongozaji. Mwongozaji hukuzuia usifike mahali pa kukibonyeza.

Malipo na vibali

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna aliyeifikiria kama kifaa cha kambi. Leo ndiyo inayoendesha safari nzima. Ada za kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya hulipwa kupitia eCitizen, na langoni hawapokei pesa taslimu. Fanya malipo ukiwa Kagio au Kutus, mahali penye mtandao, na uhifadhi risiti kwenye simu kama picha. Usingoje ufike langoni na mistari miwili ya mtandao inayokuja na kutoweka. Ndege zisizo na rubani, yaani droni, haziruhusiwi hifadhini bila kibali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na chupa za plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika hifadhi tangu 5 Juni 2020. Beba chupa ya chuma na kichujio cha maji.

Baridi, moto na hewa

Sehemu hii naomba isomwe na kila mzazi wa Pwani. Hatujazoea baridi. Usiku ukishuka hadi nyuzi tano, wazo la kwanza la mtu wa Likoni ni kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Meko ya gesi ndani ya hema au ndani ya gari lililofungwa ina hatari ileile. Kipo kifaa kidogo cha betri kinacholia hewa hiyo ikizidi. Mwenye gari la kulala asikose nacho. Joto salama ni begi la kulalia linalofaa, soksi za sufu, kofia, na chupa ya maji moto miguuni.

Meko ya gesi, ikitumika nje, ni baraka kwa mlima. Moto mkubwa uliunguza nyasi na vichaka vya juu mwaka 2012 na tena 2019, na maji ya Mto Thiba, yanayomwagilia mpunga wa Mwea, hutoka kwenye msitu huohuo. Kila familia inayopika kwa gesi badala ya kuni inapunguza hatari kwa mkulima aliye chini.

Kuna hatari nyingine ambayo teknolojia imeiongeza. Treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017, hukutoa Mombasa asubuhi; gari la kukodi hukusubiri Nairobi; kesho yake unaweza kulala Met Station, mita 3,050, au juu zaidi kwenye njia ya Chogoria. Mwili uliokuwa usawa wa bahari jana haujajua kinachoendelea. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo. Ukishapita mita 3,000, kituo cha kulala kisipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku. Siku hizi watu hubeba kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Ni kizuri, lakini namba nzuri si ruhusa ya kumlazimisha mtoto anayetapika aendelee. Hali ikizidi, shukeni, hata kama ni usiku.

Kagio inapata nini?

Sasa hoja yangu. Mgeni wa zamani alilazimika kusimama Kagio kwa sababu hakuwa na friji, wala ramani, wala habari za njia. Alinunua chakula, akauliza, akapata kijana wa kumsindikiza. Mgeni wa leo anaweza kujaza friji kwenye duka kubwa la Nairobi, akafuata mshale wa simu kwenye barabara pana na kupita Sagana bila kukunja kona. Kila kifaa nilichokieleza kinampa uhuru wa kutomhitaji mwenyeji. Uhuru huo, ukihesabiwa kwa mwaka, ni pesa ambayo mama mboga wa Kagio hakuipata.

Sisemi teknolojia ni adui wa soko. Simu ileile inaweza kumleta mgeni. Mama mwenye namba ya Till amekwisha kufungua mlango, kwa sababu mgeni hana noti mfukoni. Mwongozaji mwenye WhatsApp anaweza kupatana na familia ya Nyali moja kwa moja, badala ya kungoja kampuni imkatie sehemu ndogo ya malipo. Kinachokosekana ni Kagio kujiandika. Vijana wa soko wanaweza kuweka kwenye ramani mahali salama pa kuegesha gari usiku, choo safi kilipo, maji yanapotekwa, fundi wa tairi, na saa ambazo nyanya hushuka bei. Kazi hiyo haitaki mfadhili. Inataka simu na mchana mmoja.

Kwa wenzangu wa Pwani mnaojiandaa, orodha yangu ni fupi. Pakua ramani na ulipe eCitizen kabla ya kuacha lami. Betri ijae kabla ya kuondoka Nairobi. Meko nje, kamwe isiingie ndani. Lala chini siku ya kwanza, Sagana au Kutus, ndipo upande. Namba za dharura ni 999 na 112. Na friji iache nusu tupu mpaka ufike sokoni Kagio, kwa maana nyanya ya hapo hukaa siku nne kivulini, na anayekuuzia atakueleza kama barabara ya juu ilinyeshewa jana.